Ndege yuko wazi, mbona picha ina fujo?

Swali: Napiga picha za ndege kwa lenzi ya milimita 150 hadi 600, ambayo ikivutwa hadi mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/6.3. Ndege wanatoka safi, hata manyoya unaweza kuyahesabu, lakini picha yenyewe inachosha macho. Nikitazama za wenzangu, ndege wa aina ileile, nyuma pametulia na ndege anajitokeza. Nimeshauriwa ninunue lenzi ya f/4, yaani yenye tundu pana zaidi (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka), eti hii yangu haina nguvu ya kufuta mandhari ya nyuma. Kabla sijajifunga kibwebwe kutafuta hela, naomba kujua kama ni kweli. Nimeambatisha picha nne: kitwitwi kwenye tope, mdiria kwenye kijiti, yangeyange akiruka, na bundi kwenye shina la mti. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, haonekani. Na je, programu za kuhariri zinaweza kuifuta nyuma?

Jibu: Usinunue, ndugu yangu, walau si kwa sababu hiyo. Nimezikagua picha zako zote. Mbili za kwanza zimeharibiwa na mahali ulipoiweka kamera, ya tatu imeharibiwa na kipimo cha mwanga, na ya nne haikuharibika hata kidogo, nitaifikia. Hakuna hata moja ambayo f/4 ingeiokoa.

Nianze na kitwitwi, maana yeye ndiye anayeonyesha jambo lenyewe waziwazi. Ulimpiga ukiwa umesimama. Sikuwepo, lakini picha inasema: hakuna anga, ng'ambo ya maji haionekani, na tope lililo nyuma ya mgongo wake linafanana na lile lililo miguuni. Nimeona kokoto, vipande vya majani yaliyooza, na ganda la konokono linalong'aa karibu na ncha ya mdomo. Vitu vyote hivyo viko mita moja na kitu kutoka kwa ndege. Vikiwa karibu kiasi hicho, lenzi yoyote itavionyesha.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme ndege yuko mita 10 mbele yako na jicho lake liko sentimita 15 juu ya tope. Umesimama, kamera iko sentimita 150 kutoka chini. Mstari unaotoka kwenye lenzi na kupita jichoni mwa ndege unakwenda kugonga tope mita 1.1 tu nyuma yake. Hiyo ndiyo mandhari uliyojichagulia. Sasa lala kifudifudi, lenzi iwe sentimita 20 kutoka chini. Mstari uleule unapita jichoni na kugonga ardhi mita 30 nyuma ya ndege. Lenzi ni ileile, na ndege hujamsogelea hata hatua moja, lakini kilichoko nyuma ya kichwa chake kimesogea mbali mara 27.

Umbali huo ndio unaofuta. Kila nukta iliyo nje ya fokasi hutapakaa na kuwa duara, na duara likiwa kubwa vya kutosha maduara yanaingiliana mpaka kokoto zinageuka rangi tupu. Ukubwa wa duara hilo, ukilipima pale aliposimama ndege, unatokana na mambo mawili. La kwanza ni upana wa tundu la lenzi: gawa 600 kwa 6.3, unapata milimita 95. La pili ni masafa: chukua umbali wa kutoka kwa ndege hadi kitu cha nyuma, ugawe kwa umbali wa kutoka kwako hadi kitu hicho hicho. Zidisha hayo mawili. Ukiwa umesimama, kokoto zinatapakaa milimita 9 hivi. Kwa ndege mwenye urefu wa sentimita 30 hiyo ni ndogo sana, kokoto zitabaki kokoto zenye kingo laini. Ukiwa umelala, zinatapakaa milimita 71. Hapo hata konokono haonekani.

Tulete sasa hiyo lenzi ya f/4 uliyoshauriwa. Milimita 600 kwa f/4 ni tundu la milimita 150. Simama nayo palepale uliposimama mara ya kwanza, ufanye hesabu ileile: milimita 15. Yaani aliyesimama na lenzi kubwa kuliko zote anapata 15, na wewe uliyelala na lenzi yako ya sasa unapata 71. Nisieleweke vibaya, lenzi hizo zina kazi yake. Kati ya f/6.3 na f/4 kuna mwanga mara mbili na nusu, na alfajiri, ndege wanapokuwa na shughuli nyingi na jua halijapanda, mwanga huo ni mali. Lakini wanaokuambia kwamba ndizo zinazosafisha nyuma wanakutuma dukani wakati dawa iko kwenye magoti yako.

Ukiielewa hesabu hiyo, unapata kipimo cha kutembea nacho kichwani bila kalamu. Pengo la nyuma ya ndege likilingana na umbali uliopo kati yako na yeye, umepata nusu ya ukungu wote ambao lenzi hiyo inaweza kutoa kwa tundu hilo. Likiwa mara tatu, umepata robo tatu. Kutoka hapo, hata msitu wa nyuma ukiwa kilomita mbali, faida inayoongezeka ni ndogo. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni jepesi: nyuma yake pana nafasi kuliko iliyopo kati yetu? Kama hapana, jongea kwa ndege bila kumtisha, jishushe, au hama.

Na pengo likishakuwa kubwa, unaruhusiwa hata kulifunga tundu. Kwa milimita 600 na f/6.3, ndege akiwa mita 10, sehemu iliyo ndani ya fokasi ina kina cha sentimita 10 tu kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera). Ndege akikugeukia kifua, mdomo unakuwa safi na mkia unayeyuka. Nenda f/8: kokoto za mita 30 nyuma bado zinatapakaa milimita 56, na umejipatia sentimita mbili tatu za ndege. Watu wengi hung'ang'ania tundu lililo wazi kabisa wakiamini kwamba ndilo linaloifuta nyuma, kumbe pengo limeshamaliza kazi.

(Wenye kamera za sensa ndogo huniuliza kama wao wanadhulumiwa. Kwa lenzi ileile, tundu lilelile na mahali palepale, ukungu ukilinganishwa na ukubwa wa ndege haubadiliki. Kinachobadilika ni upana wa fremu. Telekonvata, kile kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, nayo ni hivyo hivyo: inaongeza urefu na namba ya f inapanda, lakini upana wa tundu unabaki uleule.)

Kulala chini kuna mtego wake, nikuonye mapema. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho huonekana daima katika kimo cha kamera yako. Kamera ikiwa sentimita 20, upeo unapita sentimita 20 juu ya ardhi pale alipo ndege. Kichwa cha kitwitwi wako kinaishia sentimita 17 au 18. Maana yake ule mpaka wa maji na ukingo wa mbali, hata ukiwa na ukungu, utakuwa unaelea juu kidogo ya utosi wake, na akiinua shingo tu unamkata kichwani. Ukiona hivyo, una njia mbili. Shusha lenzi mpaka karibu iguse tope, upeo ushuke mgongoni na kichwa kibaki peke yake juu ya kilicho mbali. Au ipandishe sentimita 20 nyingine, upeo upande juu, ndege mzima abaki ndani ya rangi moja ya tope la mbali. Kwenye tope jeusi mimi hupendelea ya pili, maana anga jeupe likiingia hata kwa kipande kidogo huvuta jicho kuliko ndege. Pale katikati, upeo unapopita jichoni au shingoni, ndipo pa kukimbia.

Tuje kwa mdiria. Hapa nyuma yako ni mbali vya kutosha, miti iko ng'ambo ya kijito, ukungu unao. Lakini tazama kulia kwa mdomo wake: kuna doa jeupe, pengo kati ya majani ambapo anga linachungulia. Ukungu haukuliondoa, uliligeuza duara kubwa jeupe. Jicho la mtazamaji huenda kwanza penye mwanga mwingi na penye mgongano mkali wa weupe na weusi. Ndege wako ni wa buluu na kifua cha rangi ya kutu, mzuri kweli, lakini kila anayefungua picha hii anaanza na doa, anakwenda kwa ndege, anarudi kwenye doa.

Dawa ilikuwa hatua moja. Nakupa tena namba, maana wengi hawaamini mpaka waione. Ndege yuko mita 10, miti ya nyuma iko mita 40 kutoka kwako. Ukisogea mita moja kulia, kilichoko nyuma ya ndege kinahama mita 3. Na kwa milimita 600 kwenye sensa kubwa, fremu yako pale mitini inaona upana wa mita 2.4 tu. Kwa hiyo mita moja ya kusogea imebadilisha mandhari yote, haikubaki hata sehemu ndogo ya ile ya mwanzo. Ndege amebaki vilevile, tawi ni lilelile, nuru iliyomwangukia haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Hakuna kifaa chochote cha kamera chenye nguvu hiyo.

Kuna kanuni ndogo inayorahisisha kuchagua upande wa kwenda: kitu cha mbali hukufuata. Ukienda kulia, doa nalo linahamia kulia ukilinganisha na ndege. Ukienda kushoto linakuja kushoto. Doa lako lilikuwa kulia kwa mdomo, kwa hiyo ukienda kulia linatoka nje ya fremu, na ukienda kushoto linampitia ndege usoni. Juu na chini ni vivyo hivyo: ukichuchumaa, vya mbali vinashuka nawe. Anayeijua kanuni hii hababaiki, anasogea mara moja kuelekea upande sahihi, na ndege wengi watakuvumilia ukisogea mara moja kuliko ukiyumbayumba huku na huko.

Lingine kwenye picha hiyo hukulitaja, na nadhani hukuliona. Mdomo wa mdiria ni mweusi, na nyuma yake, ukiacha lile doa, kuna kivuli cheusi cha mti. Mdomo umemezwa. Kwa ndege yeyote sehemu ya kulinda kuliko zote ni kichwa na mdomo, kisha mstari wa mgongo. Mkia ukipotelea kwenye kivuli watu hawatajali. Mdomo ukipotea, ndege anaonekana amekatwa. Njia ya haraka ya kukagua ni kufumba macho nusu mpaka uone mabaka tu ya weusi na weupe. Umbo la kichwa likiendelea kusomeka, una picha. Likizama, rangi haitakuokoa, hata iwe nzuri vipi.

Rangi ina nafasi yake baada ya hapo. Kifua cha mdiria kina rangi inayokaribia chungwa, na mgongo ni buluu; hizo mbili zinakabiliana kwenye duara la rangi, tayari ndege ana mvutano wake mwenyewe. Nyuma akipewa kijani kilichokolea au kahawia ya matete makavu, anasimama. Akipewa kijani kinachong'aa cha majani yaliyopigwa na jua, kijani hicho kinashindana naye. Ndege wa kijani kwenye majani ya kijani ni mtihani mwingine, na hapo husaidia zaidi tofauti ya mwanga kuliko ya rangi: yeye juani, majani ya nyuma kivulini.

Ulipiga karibu na maji, na maji ni mandhari unayoweza kuipaka rangi kwa kuchagua saa. Ukiwa chini, maji hayaonyeshi rangi yake, yanaonyesha rangi ya kilichoko ng'ambo. Ukingo wa pili ukipigwa na jua la asubuhi kwenye nyasi kavu, maji yote nyuma ya ndege yanakuwa ya dhahabu. Ukingo ukiwa kivulini, yanakuwa karibu meusi. Chini ya anga la mawingu, ukipiga kutoka juu, yanakuwa kama bati, na sijaona ndege anayependeza juu ya bati. Mahali pamoja, saa mbili tofauti, picha mbili zisizofanana kabisa.

Mdiria ana faida moja kubwa ambayo hukuitumia: hurudi. Yeye, keremkerem, na wengine wanaowinda kwa kukaa na kuvizia hurejea kwenye kijiti kilekile tena na tena. Kwa hiyo unaweza kuanza na mandhari, ndege akaja baadaye. Akiondoka, zunguka hicho kijiti kwa nusu duara ukikitazama kupitia kamera. Piga picha ya kijiti kitupu kutoka sehemu tatu nne, ukiweka tundu lilelile utakalotumia, kwa sababu jicho lako haliuoni ukungu kama lenzi inavyouona. Zitazame kwenye skrini zikiwa ndogo: tafuta madoa meupe, mistari inayopita pale kichwa kitakapokuwa, na pembe nne za fremu. Panapokuwa patupu na pametulia, kaa hapo na umsubiri. Picha nyingi za wenzako unazozionea wivu zilipatikana hivyo, fremu ikiwa imekamilika kabla ndege hajatua.

Kuna vurugu ya aina nyingine ambayo lenzi hazifanani katika kuipokea, nayo ni vijiti vyembamba vilivyo mita moja hadi tatu nyuma ya ndege. Havifutiki, na lenzi nyingi za kuvuta huvigeuza mistari miwili miwili kama mtu ameona kizunguzungu. Kwenye vichaka vya namna hiyo usihangaike na tundu. Tafuta ndege aliyetua pembeni mwa kichaka upande wako, au juu kabisa, mwache aliye katikati aendelee na maisha yake.

Na tafadhali usimkatie matawi. Najua vijana wanaobeba mkasi mfukoni ili "kusafisha" nyuma. Mbali na kiota, kulaza jani moja la nyasi na kuliachia ni jambo dogo. Karibu na kiota, majani yale ndiyo kivuli cha makinda na ndiyo pazia linalowaficha na mwewe na kunguru, ukiyaondoa umewaanika. Picha yenye kiota kilichofunguliwa namna hiyo naitambua mara moja, na siisifu.

Yangeyange wako akiruka: tatizo si fujo, ni kwamba hana manyoya. Ni karatasi nyeupe yenye mdomo. Ulimfuata kutoka anga la mawingu hadi mbele ya miti mizito, na kamera ikafanya ilivyoumbwa. Kipimo cha mwanga hutaka fremu nzima iwe ya kijivu cha wastani. Ilipoona miti myeusi imejaa, ikaongeza mwanga, na yule mweupe mdogo katikati akaungua. Angekuwa kwenye anga jeupe ingefanya kinyume, ikapunguza, akatoka mchafu wa kijivu.

Ukibaki kwenye otomatiki, fidia: mbele ya giza ondoa stopu moja ya mwanga (yaani nusu yake) au zaidi, mbele ya anga jeupe ongeza moja hadi mbili. Lakini kwa ndege anayeruka mandhari hubadilika kila sekunde na kidole chako hakitawahi. Mwanga unaomwangukia ndege, kwa upande mwingine, haubadiliki anapopita kutoka anga hadi miti. Kwa hiyo mpime yeye, ufunge kipimo kwa mkono na usahau kilicho nyuma. Jua likiwa kali nyuma ya mgongo wako, ISO 400 (ISO ni wepesi wa sensa kupokea mwanga), f/6.3 na kasi ya 1/4000 ya sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia kwa ndege mweupe. Kisha angalia kama skrini inamwekea alama ya kuungua, urekebishe kidogo. Hapo miti ya nyuma itashuka iwe ya kijani cheusi, na mabawa yatakuwa na kila unyoya. Miti ile ile uliyoiona kuwa adui ndiyo mandhari bora kuliko zote kwa ndege mweupe, hasa ikiwa kivulini naye yuko juani.

Anga jeupe la mawingu, kinyume chake, ni mandhari ninayoikwepa karibu kila mara. Ni lenye mwanga kuliko ndege, linamgeuza kivuli, na kingo za mabawa zinapata rangi ya zambarau kwenye lenzi nyingi. Siku kama hiyo tafuta mlima, ukuta wa miti, ukingo wa mto, chochote cha kumweka ndege mbele yake, au upande mahali ambapo yeye atapita chini ya kimo chako. Ubaya wa miti ni kwamba fokasi ya otomatiki hupenda kurukia majani. Mshike ndege mapema akiwa bado mbali kwenye anga wazi, ndipo umfuate hadi mitini. Kamera mpya zinazotambua jicho la ndege zimepunguza sana kero hiyo. Ukichoka na hayo yote, shusha kasi hadi 1/30, mfuate kwa mwendo uleule, na miti itageuka michirizi. Nyingi zitaharibika, lakini utajua ulipokuwa unakwenda.

Umeniuliza mwishoni mwa barua kama programu za kuhariri zinaweza kuifuta nyuma. Zinaweza. Zile za kutia ukungu wa kubuni huwa zinasahau kwamba tawi alilokalia ndege linatoka mbele kwenda nyuma, hivyo ukungu unaanza ghafla pale ambapo ungeanza polepole, na manyoya ya kingoni yanapata mkato wa wembe. Mimi huishia kwenye kushusha mwanga wa mandhari kidogo na kupunguza ukolezi wa doa linalosumbua. Ukikusudia mashindano, soma masharti kwanza: mashindano mengi makubwa ya picha za wanyamapori hayaruhusu kuongeza wala kuondoa kitu, na huomba faili ghafi ili kuhakikisha.

Sasa bundi. Umeandika, "Hii ndiyo mbaya kuliko zote, haonekani." Ndugu yangu, hakutaka aonekane. Ameegemea shina, mabaka yake ni mabaka ya gome, na nyuma yake hakuna pengo hata la sentimita tano. Huwezi kumtenganisha na mandhari yake, na ukijaribu kwa kufungua tundu utapata kipande cha gome chenye ukungu kando ya kipande kisicho na ukungu.

Kujificha huku kulimvutia mchoraji Mmarekani Abbott Thayer kabla ya wanasayansi wengi kulitilia maanani. Mwaka 1896 alieleza kwamba wanyama wengi wana rangi nzito mgongoni na nyepesi tumboni, na kwamba mpango huo unafuta kivuli ambacho jua la juu huweka tumboni, hata mwili wa mviringo ukaonekana bapa na kupotelea kwenye kilicho nyuma. Baadaye alizidisha, akadai mpaka heroe ana rangi ya waridi ili apotee kwenye anga la machweo, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, akamshambulia hadharani kwa dai hilo. Lakini lile la kwanza lilisimama, na linakuhusu: jua likiwa utosini, ndege anasaidiwa kujificha, picha inakuwa bapa. Jua likiwa chini mgongoni mwako, linaangaza tumbo ambalo halikuandaliwa kuangazwa, na ndege anatoka kwenye mandhari hata kama hayuko mbali nayo. Kitwitwi wako, kwa mfano, angekushukuru kwa saa moja baada ya jua kuchomoza.

Kwa bundi, fanya kinyume cha yote niliyokuambia. Mandhari ndiyo habari yenyewe. Acha kumjaza kwenye fremu. Rudisha lenzi hadi milimita 300 hivi, shina lionekane zima, mwanya aliochagua uonekane, yeye awe sehemu ndogo upande mmoja. Funga tundu hadi f/11 ili gome na manyoya viwe wazi kwa kiwango kimoja, maana raha ya mtazamaji itakuwa kumtafuta na kumpata. Kutoka f/6.3 unapoteza mwanga kama mara tatu, lakini bundi wa mchana hana haraka: weka kamera kwenye stendi, 1/60 inatosha, na ISO haitapanda sana. Subiri mawingu yafunike jua, kwa sababu mabaka ya mwanga kwenye shina yatavuruga yale ya gome. Na kaa mbali. Akijinyoosha akawa mwembamba, au akafumbua macho yote na kukukodolea, umeshamsogelea mno. Rudi nyuma hatua kadhaa, umpige kutoka hapo.